Nilivyoitangulia Pembe ya Kiende

Jumapili, 7 Julai 2019. Muthara.

Nimemkosea Kiende. Naandika hivyo mstari wa kwanza kabisa, mtu asije akasema nilificha.

Kiende ni binti yangu wa pekee, muuguzi kule Embu. Jana ndiyo ilikuwa siku yake ya uki. Uki ni pombe yetu ya asali. Wakwe wanaileta, inamiminwa kwa pembe, halafu baba anamuuliza binti mbele ya watu wote: hii tunywe ama tusinywe? Binti akionja, amekubali bwana. Ndipo baba anakunywa. Hata mtoto wa nasari anajua huo mpango.

Mimi nilikunywa kwanza.

Si kuonja. Pembe yote. Kulikuwa na joto, na Mzee Kithinji, msemaji wetu, alikuwa anaongea tangu saa nne. Na asubuhi nilikuwa nimepita baa kutoa loki tu, yale maumivu ya pombe ya usiku. Mbili. Labda nne. Pembe ikafika mkononi mwangu nimpe Kiende, mkono ukasahau njia.

Akina mama walikata wimbo katikati. Nikapangusa midomo, nikasema huu uki umeiva vizuri. Nilidhani wanangojea maoni.

Mzee Kithinji akasema huyu sasa amemwoza mtoto bila kumuuliza, kama mbuzi. Mzee Mbaka, baba ya kijana, ambaye alikuwa ametoka Gachoka na watu wake alfajiri, alivaa kofia yake tu. Wakaondoka bila kula. Chapati mia mbili! Muriithi, kijana mwenyewe, akaniambia pole mzee, ni kama mimi ndiye nimefiwa. Kiende hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

Uamuzi wa wazee: siku irudiwe Jumamosi tarehe 27. Nilipe kondoo dume mmoja, na uki mwingine mahali pa ule niliomwaga. Hilo neno ni lao. Mimi sikumwaga hata tone. Na kiti cha baba kikaliwe na Mutembei. Mutembei ni ndugu yangu mdogo, mzee wa kanisa, mtu ambaye hajawahi kuonja kitu kikali kushinda chai ya tangawizi. Alikubali haraka sana. Alikuwa ameshapangusa kiti.

Bibi yangu Karwirwa ameniambia, Baba Kiende, hata ng'ombe hungoja kuitwa kwa maji.

Kiende amesema neno moja kabla ya kurudi kazini. Ati kuna mikutano ya watu walioacha pombe. Niende sita kabla ya tarehe 27. Nikienda, yeye mwenyewe atawaambia wazee kiti ni changu, kwa sababu lile swali anataka kuulizwa na babake, si na uncle. Akaniandikia namba ya simu nyuma ya kadi ya mwaliko. Kadi zimebaki nyingi.

Jumatatu, 8 Julai.

Nimepiga. Amepokea mwanamke, anaitwa Celina. Nikamwambia nauliza kwa niaba ya rafiki. Akauliza huyo rafiki anakunywa kiasi gani. Nikasema kiasi tu, akiwa na jamii. Akauliza hiyo jamii ni kubwa namna gani.

Mikutano ni Meru mjini, Jumanne na Ijumaa saa nane, chumba cha nyuma ya kanisa. Mwambie rafiki yako avae sweta, akasema, chumba ni baridi. Na ale kitu kwanza.

Shida ni kuonekana. Muthara yote imeniona nimelala kando ya posho mili, pale pa kusaga unga, kichwa kwa gunia la mtu. Hiyo hainisumbui. Lakini kuonekana naingia mahali pa watu wasiokunywa! Watasema Kiogora ameisha.

Jumanne, 9 Julai.

Nimeenda. Kofia, miwani ya jua, koti la mvua. Mvua hakuna. Kwa sababu ya miwani sikuona ngazi ya mlangoni, nikaingia chumbani kwa magoti. Wakadhani nimeanza kutubu.

Watu tisa, chupa ya chai, mandazi. Nilitarajia walevi. Hawa ni watu! Mmoja ni mwalimu mstaafu, ana tai. Celina anauza viazi sokoni, ana mikono ya kuinua gunia peke yake. Kila mtu anasema jina moja tu halafu anaeleza alivyoharibu. Zamu yangu ikafika. Nikasema naitwa Mutembei, sina shida kubwa, nimekuja kwa sababu ya karatasi.

Baadaye nikamwomba Celina barua yenye muhuri. Alicheka mpaka akashika ukuta. Baba, hapa hakuna barua, hakuna muhuri, hata rejista hakuna. Hapa tunakaa, tunasema ukweli, tunakunywa chai. Nikauliza sasa binti yangu atajuaje nilikuja? Akasema ataona. Ataona nini! Muuguzi haoni bila karatasi.

Wakaomba namba ya simu, ndio mtu akipotea aulizwe. Nikawapa ya Mutembei. Jina na namba lazima zipatane, mimi ni mtu wa mpangilio.

Ijumaa, 12 Julai.

Leo ni mkutano wa pili. Sikuenda. Nina sababu nzuri: nilikuwa nashughulikia ushahidi wa kwenda.

Watu wa saiba, lile duka la kompyuta, wamenichapia kadi. KIKUNDI CHA KUACHA POMBE, MERU. Nafasi sita. Muhuri nimeuchonga mwenyewe kwa soli ya kandambili, na nyota katikati. Umetoka kama wa serikali. Nikapiga mara sita, tap tap tap, nikajaza tarehe zote kwa mkono wa karani.

Kazi ya mikono inaleta kiu. Nimepita baa kusherehekea kuacha kwangu. Wamenipongeza sana. Mmoja ameuliza kama na yeye anaweza kupata kadi.

Jumapili, 14 Julai.

Kiende alikuja kutusalimia. Nikangoja baada ya chakula, Mutembei na bibi yake Cicily wakiwa wameketi hapo, makusudi. Nikatoa kadi polepole.

Kiende aliisoma vile anasoma joto la mgonjwa. Akauliza leo ni tarehe ngapi. Nikasema kumi na nne. Akauliza, na huu mkutano wa tarehe 26, Baba, ulienda na nani?

Ishirini na sita! Nilipiga yote siku moja. Ujinga wa haraka. Mutembei alipaliwa na chai. Akasema tusimcheke, ndugu yangu ni nabii. Cicily akasema amina. Karwirwa aliinama chini ya meza, akainua mguu wangu wa kushoto kama fundi wa kwato za punda, akawaonyesha watu wote. Kandambili ina shimo la duara.

Kiende hakupiga kelele. Alhamisi niko Embu, amesema. Kuna mkutano huko. Atanipeleka mpaka mlangoni na kukaa nje mpaka nitoke. Kama mtoto wa kuchanjwa.

Alhamisi, 18 Julai. Embu.

Alinishika mkono mpaka mlangoni kweli. Nikaingia nikitafuta dirisha la choo. Liko. Lina vyuma. Nikarudi, nikakaa nyuma ya mama mwenye kilemba kikubwa.

Halafu mtu wa mstari wa mbele akasimama, akavua kofia. Hiyo kofia!

Mbaka. Mkwe wangu. Nimetoka Muthara, nikapita Meru, nikafika Embu nisionekane na mtu, na hapo amesimama baba ya Muriithi mwenyewe. Niliteremka kwa kiti mpaka nikabaki masikio.

Akasema jina lake, miaka sita na miezi miwili bila pombe. Akaeleza. Siku ya kuolewa kwa binti yake mkubwa, Mukami, yeye alikuwa amelala katikati ya shamba la ndengu, viatu akiwa amevikumbatia. Swali liliulizwa na ndugu yake. Mukami hajamlaumu hata siku moja. Anapiga simu kila Krismasi, anasalimia vizuri, halafu anauliza kama mama yupo.

Akaendelea. Juzi alienda mahali kumwombea kijana wake bibi. Mtungi wa uki aliubeba kwa gari kati ya miguu yake kutoka Gachoka, madirisha wazi, anaimba nyimbo za kanisa asisikie harufu. Alipofika, akaona mtu anakunywa pembe ya mtoto wake. Watu walidhani amekasirika. Hakukasirika. Aliogopa. Alivaa kofia kwa sababu kwa yule mtu alikuwa anajiona mwenyewe.

Hakugeuka upande wangu. Lakini alijua niko.

Vumbi iliniingia machoni. Embu ina vumbi nyingi. Ilinisumbua muda mrefu.

Halafu, hata kabla vumbi haijaisha, nikapata wazo. Mbaka ni mlevi! Amestaafu, lakini ni mlevi. Na mtu ambaye umeshika siri yake hawezi kukunyima kitu.

Ijumaa, 19 Julai.

Asubuhi Mbaka amepita kwa nyumba ya Kiende, tumekunywa chai. Ananiita muthoni, yaani mkwe, kama hakuna kitu kilitokea. Nikamvuta kando. Nikamwambia kwa upole kwamba mimi sitamwambia mtu alikuwa wapi jana, na yeye atawaambia wazee ameniona mikutano sita.

Akaniangalia na huruma fulani mbaya. Muthoni, akasema, Gachoka inajua. Hata mbuzi wa Gachoka wanajua. Mama watoto ndiye ananitolea sweta nikienda. Na wewe nimekuona mkutano mmoja. Nikiulizwa, nitasema mmoja.

Mtu mgumu.

Halafu akaleta lake. Huo uki wa kulipa, akasema, tufanye asali na maji tu, isichachuke. Kiende alipiga makofi. Wakampigia simu Mzee Kithinji. Mzee akasema kubwa ni swali, pembe hata ikiwa na maji ya mto. Wakampigia Mutembei. Akasema ndivyo Bwana angependa.

Mimi sikuwa na neno mpaka niliposikia Mutembei amekubali. Hapo nikasimama. Utamaduni! Tangu lini wazee waliotangulia wakapewa juisi? Kiende akasema, Baba, huo utamaduni umeanza kuutetea leo saa ngapi?

Nimekubali kwa mdomo.

Jumamosi, 20 Julai. Muthara.

Nimepika. Kidogo tu. Asali, maji ya vuguvugu, na miratina, yale matunda makavu ya kuchachusha. Ni ya waliotangulia. Pembe moja ya kumwaga chini kwa heshima. Hizo lita tisa na nusu zingine ni tahadhari.

Jerikani nimepata ile ya Mutembei, ameandika jina lake kwa rangi nyekundu. Aliniazima kiangazi cha 2011. Hajawahi kuiulizia, kwa hivyo yeye pia ana makosa. Nikafunga kifuniko kwa nguvu zangu zote, juu nikazungusha nailoni na mpira wa baiskeli, harufu isipate hata tundu la sindano.

Mahali pa kuficha? Stoo ya kanisa, nyuma ya ngoma za watoto. Funguo ziko kwa Karwirwa, ni mwezi wake wa kufagia. Kuna mabati, joto safi. Na ni nani atatafuta pombe kanisani? Wakati mwingine nashangaa kwa nini sikupelekwa sekondari.

Jumatatu, 22 Julai.

Nimekagua. Inaimba. Nimechota nusu lita kwa chupa ya dawa ya ng'ombe, sampuli. Nikafunga tena, nguvu zaidi.

Jumatano, 24 Julai.

Imelipuka.

Saa tisa, akina mama wakiwa kwa maombi, Cicily anaongoza. Alikuwa amefika hapo pa kuamuru kila kilichofichwa kitoke. Buuu! Mlango wa stoo ukaruka. Ngoma moja ikabingirika mpaka madhabahuni. Mama wawili wazito walipita dirishani, dirisha ambalo mimi mwenyewe siwezi kupita. Asali juu ya vitabu vya nyimbo, nyuki wakafuata. Harufu ikafika barabarani, na watu wa baa wakatoka nje wakasimama, kofia mikononi.

Kipande cha jerikani kikaokotwa. Rangi nyekundu. MUTEMBEI.

Akaitwa. Akasema hajui kitu. Funguo zingine za stoo anazo nani? Yeye. Akiwa bado anajitetea, simu yake ikalia mkononi mwa Cicily. Ni ujumbe. Cicily akausoma kwa sauti mbele ya pasta: Mutembei, tumekukosa mikutano minne. Kuanguka si aibu. Rudi tukae. Celina.

Cicily akauliza Celina ni nani.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma. Nafasi ilikuwepo. Mdomo ulifunguka kabisa, niliusikia ukifunguka. Nikasema: masikini ndugu yangu, tumwombee.

Alhamisi, 25 Julai.

Mutembei ameondolewa uzee wa kanisa. Cicily ameenda kwa dada yake na sufuria kubwa, kumaanisha hajaenda kwa siku mbili tu. Mzee Kithinji amekuja hapa kwangu mwenyewe. Ati mtu anayechachusha nyumbani mwa Mungu hawezi kumuuliza mtoto swali. Kiti ni changu. Hata kadi hakuna aliyeitaja!

Nilienda kwa Mutembei. Nilitaka kufurahi kidogo, nimengoja miaka. Nikampata anakamua ng'ombe wa Cicily. Hajui kukamua. Maziwa yanaingia kwa kiatu, ng'ombe anamchapa mkia usoni. Akaniambia, Kiogora, wewe umezoea kusemwa na watu. Nifundishe. Mtu anapitaje hapo sokoni?

Hakunishuku. Miaka arobaini na saba amenishuku mayai, jembe, jogoo wa mama, mambo ambayo mengine hata sikufanya. Leo ambayo ni mimi, hakunishuku.

Nikamfundisha. Unaangalia chini, unatembea haraka kama mtu anatafuta choo, ukiitwa unainua mkono bila kugeuka. Akajaribu hapo kwa boma, kutoka kwa tangi mpaka kwa mti wa macadamia, na kurudi. Anaweza vibaya sana.

Jioni Kiende akapiga simu. Amesikia kiti ni changu. Akasema, Baba, hata kama ni kwa njia mbaya, nimefurahi ni wewe utaniuliza. Nikamwambia mtandao unapotea. Mtandao ulikuwa mzuri.

Nikampigia Mbaka. Nikamweleza kuna rafiki yangu amefanya hivi, na jerikani hivi, na namba ya simu hivi. Kisha akasema, mwambie huyo rafiki aseme kabla ya pembe. Akingoja baada ya pembe, atakuwa amekunywa ya mtoto wake mara mbili. Ya kwanza inalipwa na kondoo.

Sikuuliza ya pili inalipwa na nini.

Ijumaa, 26 Julai.

Nimeenda Meru. Bila miwani, bila koti. Ngazi niliiona. Nikasema naitwa Kiogora. Celina akasema, na Mutembei je? Nikasema yote. Pembe, kandambili, namba, jerikani, ng'ombe wa Cicily. Mwalimu mstaafu alifungua tai. Hakuna aliyecheka isipokuwa Celina, na yeye alianza kucheka halafu akaacha, akanisukumia andazi.

Kwa hivyo tarehe 26 nilikuwa mkutanoni kama kadi ilivyosema. Kiende aelewe mimi si mwongo. Mimi ni mtu wa mapema.

Sasa nimeamua. Kesho wakwe wakifika, kabla asali haijamiminwa, nitasimama. Nitasema jerikani ilikuwa mkononi mwangu, na jina nililotumia Meru nililiiba kwa ndugu yangu. Nitamshika Mutembei mkono nimkalishe kwa kiti cha baba. Yeye ndiye atauliza. Mimi nitakaa na kondoo. Labda Kiende atasema hapana, baba ndiye aniulize. Labda naye atavaa kofia kama Mbaka, aondoke. Sijui. Usiku wote wa jana nimefikiria hiyo kofia.

Nimejaribu hotuba mbele ya Karwirwa bila kumwambia ni ya nini. Amesema sauti iko sawa lakini mikono inatetemeka. Kweli inatetemeka. Hotuba ya ukweli inataka mkono uliotulia, watu wasidhani nimelewa. Kwa bahati kuna ile sampuli ya Jumatatu. Si ya kunywa. Ni ya kuniwezesha kusema ukweli vizuri. Nimeonja vijiko vitatu kuona kama imeharibika. Haijaharibika. Nimeitia mfukoni mwa koti la kesho, upande wa moyo.

Na kwa kuwa watu wa hapa ni wasahaulifu, nimechapisha kadi nyingine, KIOGORA AMEUNGAMA, nikachonga kandambili ya kulia. Muhuri nimeshapiga. Tarehe nimeshajaza.

Ni kesho, Jumamosi tarehe 27, saa nne kamili. Mutembei atakaa kwa kiti, mimi nitasimama niseme. Kabla ya pembe.